Achia Breki Kabla Hujagonga

Kwenye hafla ya kuniaga, kijana mmoja wa karakana alishika kipaza sauti akasema kwamba Mzee Petro amefanya kazi reli miaka yote hii bila kumkasirikia mtu. Watu wakapiga makofi, mke wangu akainama kuficha kicheko, na mimi nikainua soda yangu kushukuru. Sikutaka kumharibia kijana hotuba yake. Lakini ukweli ni kwamba nina hasira moja tangu enzi za Ujamaa, nimeitunza vizuri kuliko nilivyotunza buti za serikali, na kwa kuwa nyinyi vijana mmeniomba niandike habari za kazi ili mjifunze, basi mtaipokea pamoja na nyundo.

Vyeo sitavisema. Vilikuja vikapita kama treni ya mizigo, vingi bila kusimama. Nitasema juu ya magurudumu, juu ya Mzee Mrisho aliyenifundisha kuyasikiliza, na juu ya zaburi moja ambayo watu walimnyang'anya mwenzetu saa ya chakula, mchana kweupe, huku wakiimba.

Nilianza kazi Tabora muda mfupi baada ya Uhuru. Nilikuwa nafagia mabehewa, na nilifagia kwa bidii mpaka abiria waliogopa kutema mate kuanzia hapo hadi Kigoma. Siku moja msimamizi wa wakati huo akanikuta nimesimama na ufagio, nimeinamisha kichwa, namsikiliza mzee mmoja mwenye nyundo ya mpini mrefu. "Unasikia nini?" akaniuliza. Nikasema, "Hilo la tatu limelia chini kidogo." Kesho yake nikakabidhiwa kwa yule mzee.

Kwa wageni wa kazi hii nieleze. Treni ikifika stesheni, kabla haijaendelea na safari, mgonga magurudumu hupita kando yake akigonga gurudumu moja baada ya jingine. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hulia kama sufuria iliyopasuka. Ufa wenyewe huuoni kwa macho, maana umejificha ndani ya chuma na juu yake kuna grisi na vumbi la nchi nzima. Ndiyo maana tunagonga. Abiria wengi walidhani tunafukuza nyoka, na mama mmoja wa Igunga alinishukuru sana kwa hilo, akanipa karanga.

Mzee Mrisho alikuwa mtu wa Kanyenye, hapo hapo Tabora mjini, tangu babu zake. Babu mmoja alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka huku hadi pwani zamani za misafara, njia ile ile ambayo Wajerumani walikuja kuifuata na reli yao. Mzee alidai kwamba babu huyo alikuwa akigonga kila pembe kwa kidole kabla ya kuibeba, akijua kwa sauti kama ndani ina ufa. Alidai pia kwamba familia yao imekuwa ikigonga vitu tangu kuumbwa kwa dunia. Mimi sikumwamini, na hata leo simwamini, ila sijawahi kuona mtu mwingine aliyeweza kugonga gurudumu huku anamsalimia mpita njia, akaitikia marahaba, na bado akasikia ufa.

Siku yangu ya kwanza hakunipa nyundo. Alinipa kitambaa.

"Cha nini, Mzee?"

"Futa masikio."

Nikafuta. Wiki nyingi nilitembea nyuma yake nikisikiliza tu, na kila mara alipogonga alisimama kidogo kabla ya kugonga tena. Nilidhani amechoka. Nikamwambia, "Mzee, niachie mimi nikusaidie, nina nguvu." Akaniangalia kama mtu anayeangalia mbuzi aliyepanda juu ya paa. "Kugonga ni kazi ya mkono," akasema. "Kazi yako wewe ipo hapo ninaponyamaza."

Hatimaye nikapewa nyundo. Ilikuwa treni ya mizigo kutoka Urambo, imejaa tumbaku mpaka hewa inakohoza. Nikagonga gurudumu la kwanza: bwa. Nikaweka alama ya chaki. La pili: bwa. Chaki. La tatu, la nne, behewa la pili, la tatu, yote bwa, na mimi naweka chaki bila kusita, maana nilijiona nimeokoa taifa changa kutokana na ajali ambayo haijawahi kutokea Afrika nzima. Nilipofika katikati ya treni chaki ikaisha. Nikakimbia kuomba nyingine.

Mzee Mrisho akaja polepole, mikono nyuma. Akaitazama treni yangu iliyopakwa chaki kama kuta za kliniki.

"Umeiua treni nzima, bwana mdogo."

"Ni mbovu, Mzee. Sikiliza mwenyewe."

Hakusikiliza. Akainama chini ya behewa, akavuta waya wa kuachia breki. Upepo ukapita ukilia kama mzee anayeketi baada ya safari ndefu, na zile pedi za breki zikaachia gurudumu. "Sasa gonga."

Nikagonga. Likalia likasikika mpaka sokoni, au karibu na sokoni.

"Injini ilipotenganishwa na mabehewa breki zilibaki zimeshika," akasema. "Gurudumu lililobanwa halisemi habari zake. Unachosikia hapo ni breki. Hata likiwa jipya kutoka kiwandani, ukiligonga limebanwa litakujibu kama maiti. Futa chaki zako."

Nilifuta chaki mchana mzima. Vijana, hilo andikeni kwenye kiganja.

Miaka hiyo hiyo nilikuwa nasoma shule ya usiku pale Chemchem. Nasema kwa fahari kwamba shahada yangu ni ya taa ya karabai. Tulikuwa watu wazima tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa karibu na masikio, tunaimba ba be bi bo bu mpaka mbwa wa mtaa wakahitimu pamoja nasi. Nilipoweza kusoma peke yangu, kitabu kilichokuwa nyumbani kilikuwa kimoja tu, kijitabu cha Zaburi chenye herufi kubwa, cha marehemu baba, ambaye hakukisoma hata siku moja lakini alikibusu kila Jumapili.

Nikakifungua katikati. Ikatokea ile ya mia na thelathini na tisa. Nilisoma kwa silabi, kama mtu anayevuka reli akiwa amebeba mayai, na uzito wangu huo wa kusoma ukawa baraka. Mtu anayesoma mbio hupita. Mimi nilikuwa natoa mstari mmoja kama anayetoa ndoo kisimani, halafu napumzika. Na nilipopumzika nikagundua kwamba ule ukimya baada ya mstari naufahamu. Ni ule ule wa Mzee Mrisho baada ya nyundo.

Nikaanza kumsomea yeye saa ya chai. Mzee alikuwa Mwislamu wa kuswali, lakini alisema Zaburi alipewa Nabii Daudi, na anayetaka kumkataza kuisikia aje na barua ya Nabii mwenyewe. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Nilipofika mwisho, pale mwenye zaburi anapomwomba Mungu amchunguze na kuujua moyo wake, Mzee akacheka taratibu.

"Huyu anajipeleka mwenyewe kwenye nyundo."

"Ndiyo, Mzee."

"Lakini umeona alivyochelewa? Rudi mwanzo."

Nikarudi. Mwanzo mtu anasema kwamba Mungu amekwisha kumjua, akiketi anajua, akiinuka anajua, hata neno ambalo bado halijafika kwenye ulimi. Halafu anasema hakuna pa kukimbilia, juu yupo, chini yupo, na giza kwake ni kama mchana. Halafu anaeleza jinsi alivyofumwa tumboni mwa mama yake, mtu hajamwona, na Mungu anamwona. Na baada ya hayo yote, mwisho kabisa, ndipo anaomba agongwe.

"Mwanzo wote huo," akasema Mzee Mrisho, "ni kuachia breki. Anajiambia: ninajulikana, na bado nimeshikwa vizuri. Akilegea ndipo anasema, haya, gonga. Angeanza na 'nichunguze' angelia bwa kama treni yako ya tumbaku."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kuisoma. Mstari mmoja, kisha kimya, na kwenye kimya unasikiliza wewe mwenyewe umelia vipi. Kuna siku nililia vizuri. Kuna siku nilisikia ufa, nikajua uko wapi, na hakuna mtu mwingine aliyehitaji kujua. Hata maneno yale ya hasira niliyasoma hivyo, maana zaburi hiyo ina hasira, watu wengi huiruka sehemu hiyo, mwenye zaburi anawaka juu ya waovu na kutaka waondolewe duniani. Mimi hapo sikuruka. Hapo palinipendeza kuliko kote.

Sasa niwaletee Bwana Elia.

Alikuja kuwa msimamizi wetu wakati Azimio limeshatangazwa na kila mtu anaitwa ndugu, hata anayekuhamisha. Naye alipitia mikono ya Mzee Mrisho kabla yangu, aligonga magurudumu muda mfupi akapanda. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Alikuwa na sauti nzuri ya kuimba, alikuwa mzee wa kanisa, na mwaka wa njaa, tulipokuwa tukipanga foleni ya unga wa njano, aligawa wa kwake. Akaanzisha kikundi cha sala cha watu wa karakana. Jumatano saa ya chakula tulikaa nyuma ya banda la mabehewa, juu ya mataruma ya reli ya zamani, tukiwa kwenye duara. Inasomwa zaburi, halafu kila mtu kwa zamu anasema: Bwana amenionyesha hiki na hiki ndani yangu.

Mwanzoni ilikuwa raha. Halafu ikawa lazima kuwa na kitu. Mtu akisema leo sijaona kitu, Elia alimwangalia mpaka akaona. Basi watu wakaanza kuja na dhambi za akiba. Fundi Danieli alikuwa anatubu uvivu, na kweli alikuwa mvivu, hivyo hakujisumbua kutafuta nyingine. Mimi nilitubu wivu juu ya baiskeli ya jirani yangu mara nyingi sana, mpaka jirani akasikia, akaja kunigongea mlango na baiskeli. "Petro, endesha tu, ndugu yangu, usije ukakosa mbingu." Nikaendesha. Breki zake zilikuwa mbovu.

Nilicheka wakati huo. Lakini tayari kitu kilikuwa kimepinduliwa, na niliona. Zaburi ile ni ya mtu anayezungumza na Mungu wake chumbani. Elia aliitoa chumbani akaiweka kwenye duara, na yeye akakaa kwenye kiti cha anayechunguza.

Miongoni mwetu alikuwapo Zakaria, mtia grisi, mtu wa Nzega, mpole, mwenye maneno machache hata siku ya harusi yake. Mkewe tulimwita Mama Limi na yeye tulimwita Baba Limi, kwa jina la binti yao mdogo. Mtoto huyo akapelekwa Nzega kwa bibi yake, homa ikampata huko, akafa. Zakaria alikwenda kumzika akarudi kazini. Sote tulijua. Tulichanga rambirambi, tulikwenda kota kumpa pole, tulikaa kwenye mkeka wake. Sitaki mtu aseme hatukujua.

Mwezi haujaisha, sanduku la shaba likapotea stoo. Nazungumzia zile shaba nzito zinazokaa juu ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu, ili gurudumu lisiungue. Wakati huo vipuri vilikuwa adimu kama theluji, na kupotea kwa sanduku kulitosha kumfukuzisha mtu kazi na kumtoa kwenye kota na familia yake. Zakaria ndiye aliyekuwa akiingia stoo kuchukua grisi kila asubuhi. Wengine pia waliingia, lakini wao walikuwa wazungumzaji.

Jumatano ikafika. Elia akachagua zaburi ile ile. Akaisoma mwenyewe, haraka, kwa sauti yake nzuri, bila kupumua. Zamu ikazunguka. Danieli akatubu uvivu. Ikamfikia Zakaria.

"Ndugu Zakaria, Bwana amekuonyesha nini?"

Zakaria aliangalia mikono yake. "Sina la kusema, Mzee."

"Tumesoma sasa hivi kwamba hakuna neno lililofichika. Wewe huna?"

"Sina la kusema leo."

"Leo ndiyo siku yenyewe. Shaba zimepotea juzi, na leo wewe huna la kusema."

Danieli akaingilia, kwa wema kabisa, na wema wa namna hiyo Mungu atuepushe nao. "Sema tu, ndugu. Ukishasema utakuwa mwepesi."

Zakaria akafungua mdomo, akaufunga. Nikaona watu wanatazamana. Nikaona Elia anatikisa kichwa taratibu kama daktari aliyepata ugonjwa aliokuwa anautafuta.

Nikasimama.

"Mzee Elia, breki zimeshika."

"Nini?"

"Huyu mtu amebanwa. Amezika mtoto juzi juzi, sote tulikaa kwenye mkeka wake. Ukimgonga sasa utasikia msiba. Wewe unasikia msiba unauita wizi."

"Petro, hapa tunasoma neno la Mungu. Hatukagui mabehewa."

Watu wakacheka. Hata mimi ningecheka siku nyingine.

"Mabehewa tunayakagua kwa heshima kuliko hivi," nikasema. "Na kama Mungu amekwisha kumchunguza, sisi tunachunguza nini? Yeye amekupa wewe majibu?"

"Kaa chini, Mchungaji Gurudumu," mtu mmoja akasema nyuma, na jina hilo mnalijua wenyewe, mmeniita hivyo mpaka siku ya hafla mkidhani ni sifa.

Zakaria akainuka. Akavaa kofia yake, akapita katikati ya duara, akaenda. Elia hakumzuia. Alisema tu, "Mmeona wenyewe," kisha akaanzisha wimbo. Na wakaimba. Mpaka leo nikisikia wimbo huo meno yanauma.

Kabla ya wiki kwisha Zakaria aliondolewa kwenye grisi, akaondolewa kota, akapelekwa Urambo kupakia mizigo mpaka uchunguzi ukamilike. Siku aliyohama, Mzee Mrisho alikuja na baiskeli yake, akafunga masufuria ya Mama Limi nyuma, akaisukuma mpaka stesheni. Elia alikuwa amesimama pale jukwaani. Mzee akaegemeza baiskeli, akamsalimia kama kawaida.

"Elia, mwanangu, wewe nilikufundisha mwenyewe. Niliwahi kukuruhusu ugonge gurudumu lililobanwa?"

"Shikamoo, Mzee. Haya ni mambo ya kiroho."

"Marahaba. Na mimi nimeuliza ya kiroho."

Elia akatazama saa. Watu wenye makosa hupenda sana saa.

Halafu shaba zikarudi. Zilikuwa zimepakiwa kimakosa pamoja na vipuri vya Kigoma, zikakaa huko mpaka mtu akafungua sanduku akashangaa. Zilirudi na treni ya mizigo, zikashushwa mbele ya macho yangu, nzima, bila kupungua hata moja. Nilifikiri, sasa. Sasa tutakaa kwenye duara lile lile, na yule aliyemtuhumu mtu mbele ya watu atamwambia samahani mbele ya watu. Nilienda Jumatano hiyo mapema kuliko mtu yeyote. Nilikuwa nimevaa shati safi.

Elia akafungua kwa sala. "Tumshukuru Bwana," akasema, "shaba zimeonekana." Wakaitikia amina. Akafungua kitabu kwenye zaburi nyingine.

"Na Zakaria?" nikauliza.

"Zakaria yuko Urambo, anaendelea vizuri."

Basi. Hayo ndiyo maneno yote. Nimehudhuria mazishi ya watu nisiowajua yaliyokuwa na maneno mengi kuliko hayo. Nilimwendea ofisini nikamwambia, kwa sauti ambayo makarani wanasema ilitikisa vikombe, kwamba shaba zimerudi lakini kuna kitu kimechukuliwa hakijarudi. Akaniuliza kitu gani. Nikashindwa kukitaja. Nilikuwa na hasira nyingi na maneno machache, na yeye alikuwa na maneno ya kututosha sote wawili. Nikaacha kwenda Jumatano. Tangu siku hiyo nikawa nasoma zaburi ile peke yangu, na kila nikifika kwenye mistari ya hasira nilikaa hapo. Nilijenga nyumba hapo. Niliweka bati.

Mzee Mrisho alifariki akiwa amestaafu, akazikwa Kanyenye, na nyundo yake nikarithi mimi. Elia alihamishwa akapanda zaidi. Ujamaa ukaja ukazeeka. Zakaria hakurudishwa kwenye grisi, na hakuna aliyekumbuka kwamba palikuwa na uchunguzi wa kukamilika. Alipata shamba, akalima tumbaku na kupakia mizigo stesheni. Nilipopita na treni nilimpungia, naye alinipungia. Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka.

Kabla sijastaafu nilipangwa kusafiri na treni ya mizigo, safari yangu ya mwisho upande huo. Urambo tulisimama tupakie. Nilikuwa nimemaliza kugonga upande mmoja nilipomwona amekaa juu ya mataruma, nywele nyeupe, anafunga kamba.

"Baba Limi," nikamwita.

Aliacha kamba. Alinitazama muda mrefu, mpaka nikadhani nimemkosea.

"Jina hilo hakuna anayeniita huku," akasema. "Wananiita Babu Mizigo. Kaa, Petro."

Nikakaa. Tukaulizana habari za nyumbani, za mvua, za bei. Halafu akaniuliza, bila kunitazama:

"Ile zaburi yenu mnaisoma bado?"

"Yetu? Imekuwa yetu lini?"

"Mimi niliwaachia. Kanisani ikianza kusomwa, natoka nje. Mke wangu anadhani nina tatizo la kibofu." Akacheka kidogo. "Wakisema Bwana amenijua, mimi naisikia sauti ya Elia. Mpaka leo. Najua shaba zilirudi, niliambiwa. Nilifurahi. Lakini zaburi nilikuwa naipenda, Petro. Nilikuwa naisema porini tangu mtoto, nikichunga."

Hapo ndipo nilipojua jina la kile kitu nilichoshindwa kukitaja ofisini. Damu ikanipanda kama siku ile ile. Nikatoa kijitabu cha baba mfukoni, hakina jalada tena.

"Nisome?"

"Soma. Lakini ukimaliza usiniulize kitu."

"Sitakuuliza."

Nikasoma kwa mwendo wa shule ya usiku, mstari, kimya, mstari, kimya. Wapakiaji wengine walikuwa wakitaniana upande wa pili wa behewa. Nilipofika pale pa mtoto kufumwa tumboni mwa mama yake, Zakaria akainua mkono, nikanyamaza.

"Limi alizaliwa na kidole cha ziada," akasema. "Mkono wa kushoto, kidogo hivi. Bibi yake alikifunga uzi kikaanguka. Hakuna aliyekumbuka tena, hata mama yake amesahau." Akaokota kamba yake tena. "Siku ile Elia aliponiuliza nimeonyeshwa nini, hicho ndicho nilichokuwa naona. Kidole kile. Ningesemaje kidole mbele ya watu?"

Niliushika ukurasa usipeperuke. Nilikuwa nimeahidi kutouliza, na kujibu kulikuwa kugumu zaidi. Akasema, "Endelea."

Nikaendelea. Nikafika kwenye mistari ya hasira, kwenye nyumba yangu ya bati. Nikaisoma kama inavyopaswa kusomwa, kwa kifua kizima, na kila neno nilikuwa namwona Elia na saa yake. Wapakiaji wakaja kuchungulia. Zakaria akanigusa goti.

"Hapo umepaza sauti."

"Nimepaza. Wanastahili."

"Wanastahili, ndiyo," akasema. "Lakini achia breki, Petro."

Nikamtazama. Alikuwa anatabasamu, yule mtu wa maneno machache, na nikatambua kwamba siku ile nyuma ya banda la mabehewa, wakati wote wanacheka, yeye alikuwa amenisikia. Nikavuta pumzi. Nikasoma iliyobaki, mistari ile ya mwisho ambayo sikuwa nimeisoma sawasawa kwa miaka, kwa sauti ya kawaida, na nikasikiliza nimelia vipi.

Sitawaambia. Hilo si lenu.

Dereva akapiga honi. Zakaria akanyoosha mkono wake mgumu. "Nipe kitabu. Mara hii nasoma mimi, kuanzia juu."

Akaanza. Alisoma taratibu kuliko mimi, na mimi sikudhani hilo linawezekana. Honi ikalia tena, ndefu, na kondakta akachungulia kutoka nyuma akinipungia bendera. Mnajua kanuni, vijana: treni haiondoki mpaka mgonga magurudumu aseme iko salama. Nilikuwa nimeshika nyundo ya Mzee Mrisho magotini. Sikusema kitu.